Msuko Mmoja Ulivyoingiza Maji

Zuhura mdogo wangu,

Hujambo, na mikono yako haijambo? Naiulizia kwa sababu imeniponza. Jana nilipiga mbizi hapa Sydney na watu wanaopenda kukaa muda mrefu kwenye maji ya baridi. Tulipanga kukaa chini kwa muda wa saa mbili. Walinivika suti isiyoingiza maji, nikajiona fundi kama huko kwetu Tanga. Kumbe msuko mmoja kati ya uliyonisuka ulikuwa umebanwa chini ya mpira wa shingoni, na maji yakaufuata taratibu mpaka mgongoni. Kufika dakika ya ishirini vidole vilikufa ganzi, nikashindwa hata kubonyeza kitufe cha kutia hewa kwenye suti. Mwenzangu, bibi wa miaka sabini, alinibonyezea, akanishika mkono tukapanda polepole. Ufukweni nilitetemeka hadi nikamwaga nusu ya supu ya mbuzi aliyonifungia shangazi wa huku.

Kiongozi wetu anasema nikitaka kurudi Jumamosi nikate nywele. Nimemwambia zilisukwa siku nzima na mdogo wangu, atafute dawa nyingine. Yule bibi kanipa kofia yake ya mpira nizifungie juu.

Mama msomee, ila ruka hapo kwenye vidole. Nawapenda wote. Na misuko yenyewe haijalegea hata mmoja.

Dada yako, Saida