Pua ya Soli

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu wangu anatengeneza picha yangu. Anatengeneza — hachori! Sebule imegeuka jalala: magunia, zipu, vifuniko vya soda, gundi mpaka kwenye mkeka. Nikamuuliza, miaka yote ile chuoni, rangi hawakukufundisha? Akacheka. Eti sanaa ya sasa ni kuchanganya. Mbona mimi nachanganya mboga na hakuna anayenipigia makofi!

Jumatano, 6 Machi
Leo kanionyesha. Kilemba ni kitambaa changu chenyewe — kumbe ndiko kilikokwenda, mwizi huyu! Mashavu, gunia. Nimevumilia. Lakini pua! Kipande cha soli ya kiatu. Pana hivi! Mimi niliyekuwa nikipita watu wanasahau safari zao, leo nina pua ya kukanyagia.
Nikamwambia aitoe. Akasema, hiyo ikitoka, bibi, hakuna picha.
Tutaona.

Alhamisi, 7 Machi
Katoka kununua gundi. Nimeibandua kwa kijiko. Nikashona pua mpya kutoka shimizi yangu ya kahawia — nyembamba, ya heshima. Nimependeza! Nikafunika shuka, kimya.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa!
Kaja bwana wa maonyesho, yule anayechagua picha za kutundikwa. Mjukuu wangu hajala tangu asubuhi kwa kumsubiri. Kafunua shuka — wote wakaduwaa. Bwana akauliza, iko wapi ile pua niliyoiona kwenye simu? Ndiyo iliyonileta. Bila hiyo siichukui.
Mjukuu akanigeukia. Macho yale! Nikasingizia chai. Naandikia jikoni.
Wanapekua mpaka chini ya kochi. Namsikia anamweleza bwana: kuunganisha vitu kajifunza kwangu, nilivyokuwa natia nguo zao viraka vya rangi yoyote iliyopatikana. Hapo hajakosea. Halafu, eti soli ni ya kiatu cha marehemu babu yake. Eti babu alimsimulia: siku aliyoniona aliacha safari yake, akaifuata pua hiyo mpaka kwetu. Pua hiyo hiyo, pana!
Mzee yule! Mimi hakuniambia hata siku moja.
Soli ninayo, mfukoni mwa aproni. Gundi imegandia humo. Nikiivuta inakuja na mfuko mzima.
Bwana anaaga.
Nimepiga kelele: bwana, hutoki humu bila chai, keti!
Mkasi uko wapi?