Muuguzi wa Tatu

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imenikuta mzima, ila miguu imevimba hadi viatu vya kazi nimevikata visigino. Mama anakusalimu. Bado anawaringia majirani kwamba binti zake wote wawili ni wauguzi.

Wodini tulikuwa tumebaki watatu kwa wagonjwa arobaini. Juzi mganga mkuu aliniita, akasema, "Kifaranga naye anataka kuacha kazi. Wewe ndiye mkubwa wao, kamshawishi abaki."

Kifaranga ndilo jina tulilompa yule binti mdogo kuliko sote. Nilimkuta stoo, amekaa juu ya maboksi ya glavu, analia. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akaniuliza taratibu, "Dada, ningekuwa mwanao, ungeniambia nibaki?"

Nikaketi kando yake juu ya maboksi. Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu zamu nzima, na mzee wa kitanda cha tisa alikata roho huku akiniita. Nilimsikia. Mikono yangu ilikuwa imeziba jeraha la mwingine, nisingeweza kuiondoa. Hilo Mama halijui, na usimwambie.

Basi nikamsaidia Kifaranga kuandika barua ya kuacha kazi. Leo asubuhi tumeripoti wawili.

Zile fomu za kuomba kazi huko uliko, ulizosema utanitumia, nakuomba usizitume. Zikifika nitazijaza, na hapa atabaki mmoja.

Ni mimi dada yako, bado nipo.