Ile Komenti Chini ya Sehemu ya Tatu

Kaka yangu Asumani,

Nakuandikia kwa Kiswahili cha kitabu, kile ulichokipenda wewe. Ungenicheka kama ningeandika jinsi ninavyoongea. Leo nimefungua cherehani asubuhi nikaifunga tena bila kushona hata kola moja, maana kuna jambo lazima nikuambie, na linahusu ile komenti. Unaijua ni ipi. Lakini watakaosoma hapa wengine hawakukujua, basi acha kwanza niwaambie ulikuwa nani.

Unaikumbuka sali ya Baba Rehema, ule ukumbi wa video hapa Nengo? Mabenchi sita, televisheni moja kubwa, na lile pazia la kijani nililolishona mimi na ambalo hakunilipa hata ahsante. Watu walikuwa wanakuja kuangalia agasobanuye, yaani filamu za wazungu ambazo mtu wa kwetu anaziongelea juu kwa juu ili kila mtu aelewe. Wewe ukamwendea Baba Rehema ukamwambia, «Bon, kama filamu inawezekana, mi nitafanya na michezo ya video.» Akakuangalia kama umepandwa na homa. Jumapili iliyofuata, baada ya adhuhuri, ulikaa mbele na maneti, kile kidude cha kuchezea, mikononi, na mikrofoni umeifunga kifuani kwa kamba ya kiatu, ukawa unacheza na kusimulia kwa wakati mmoja. Watu walijaa mpaka dirishani.

Mchezo wenyewe ulikuwa na jina la Kiingereza ambalo hakuna aliyelijali. Sisi tulimwita yule jamaa Bubu, kwa sababu hasemi. Kazi yake ni kuingia kwenye majumba ya wakubwa na kutoka bila mlinzi kumwona. Hapigani, hana bunduki. Akionekana tu, amekwisha, unaanza upya. Na sikioni mwake kuna sauti ya mke wake inayomwelekeza: pita kushoto, ngoja, sasa. Yeweee, kelele za sali ile! Watu wazima, wenye wake na watoto, wanapiga mayowe kwa mtu wa kwenye kioo: «Inama, sha! Mulinzi anageuka!» Na wewe katikati yao unatokwa jasho kama wewe ndiye unayetafutwa.

Mama alifariki wiki ile ile sehemu ya pili ya mchezo ilipotoka. Ulikuwa umevuka kwenda Goma kuitafuta diski, kwa sababu kule zilikuwa zinafika kabla ya kwetu. Mama aliamka vizuri, akanywa chai, akaniuliza kama umevaa sweta. Saa saba alianguka jikoni. Sisi hatulazi maiti, alasiri ile ile walikuwa wameshamwosha. Nilikupigia mpaka salio likaisha, kumbe simu yako ilizimika tangu asubuhi. Ulipofika barrière ya mpakani ilikuwa imefungwa, ukalala upande wa pili kwa rafiki. Uliingia nyumbani kesho yake, diski ndani ya koti, mama ameshazikwa. Hukulia. Ulikaa mlangoni kama mgeni, na mimi nikakuambia neno moja tu, «Ulikuwa wapi?», na nililisema vibaya.

Baada ya arobaini ulirudi sali. Mi nilikaa benchi la tatu na gauni la mteja mapajani, napiga pindo. Kuna mahali katika sehemu ya pili mzee mmoja anamshika Bubu mabega na kumwambia kwa Kiingereza kifupi kabisa kwamba mke wake amekufa, kwamba ile sauti iko kichwani mwake tu. Kiingereza changu ni cha shule, lakini hilo nililisikia. Uligeuka ukaniangalia. Halafu ukasema kwenye mikrofoni, «Anamuambia bibi yake amesafiri, atakawia kurudi.»

Nilijua umedanganya, na nilijua umedanganya kwa ajili yangu. Sindano ilinichoma nikaiacha humo humo kwenye kidole.

Kutoka hapo ukawa huwezi kuacha. Yule mwanamke kwenye mchezo anataja milango na dakika tu, lakini kwako wewe akawa anaongea kama mama. Bubu anataka kuruka ukuta, unasema kwa sauti nyembamba, «We mutoto, vaa sweta, inje iko baridi.» Anajificha chini ya meza ya jenerali, unasema, «Umekula kwanza?» Sali nzima chini kwa kicheko. Ulipoanza kuweka sauti yako kwenye intaneti, maneno yale yakasambaa Goma, Bukavu, mpaka Bujumbura. Wapanda moto wa hapa mjini, wale wa pikipiki za abiria, wakawa wanaagana, «Vaa sweta.» Hakuna aliyejua kwamba lilikuwa neno la mwanamke aliyelala makaburini hapa hapa Gisenyi.

Na mimi, kaka, sikuwa nakuja kumwangalia Bubu. Nilikuwa nakuja kumsikiliza mama. Miaka yote ile, kila Jumapili, nilikuwa naoga, nafunga kilemba kizuri, nakwenda kukaa na mama yangu kwa saa mbili. Sikukuambia kwa sababu niliona haya.

Ndipo ikaja sehemu ya tatu. Walioiandika, huko waliko, waliamua kumaliza kila kitu. Mwanamke alikuwa amekufa tangu siku ya kwanza, na safari hii wanamwonyesha maiti, hakuna pa kukwepa. Na mwishoni Bubu, aliyejificha sehemu mbili nzima, anasimama katikati ya uwanja wenye taa na kuinua mikono. Si filamu inayojiendesha, hapana: ni wewe mchezaji unayebonyeza kitufe cha kumsimamisha, na usipobonyeza mchezo unakungoja tu. Wapenzi wa mchezo huo dunia nzima waliwaka. Waliandika kwamba wametukanwa, kwamba wametupa miaka yao, tumejificha kote huko ili leo tujitokeze wenyewe? Wengine walivunja diski zao mbele ya kamera. Mtu angedhani wamefiwa. Nilicheka sana niliposoma, kabla haijafika zamu yangu.

Unakumbuka chakula cha mchana siku ya kabla ya kurekodi? Nilikaanga sambaza, vidagaa vya ziwani, hukugusa.

«Utasema amesafiri tena,» nikakuambia. «Watakuamini.»

«Mwili wake wanauonyesha, Zuhura.»

«Donc utasema ni mutu mwingine. We ndiye unaongea, wao watajuaje?»

Ukanawa mikono ambayo haikula kitu. «Mama alikufa,» ukasema. «Mi sikumuzika, lakini alikufa. Nilidanganya mara moja, sitaweza tena.»

Nikakuambia una roho ngumu. Nikakuambia utamuua mara ya pili. Na ulipoondoka niliyatupa yale sambaza yote jaani kwa hasira, na bei ya samaki unaijua.

Jumapili ulifanya ulichosema. Ulitafsiri neno kwa neno, hukuweka sweta, hukuweka chochote. Ulipofika kwenye maiti uliiacha maneti ukasema, «Amekufa. Ile sehemu ya pili walisema pia, ni mi niliwaficha. Munisamehe.» Halafu mtu wa nyuma akapiga kelele, «Muongo!», na benchi likaanguka. Walikuwa wamemkasirikia aliyeandika mchezo, lakini yeye yuko mbali, wewe ulikuwa pale. Hata hivyo ulibonyeza kile kitufe, Bubu akasimama, na wewe ukabaki unaangalia mbele huku wanakutukana. Nilitoka kabla haijaisha.

Sasa naliandika lile jambo. Nilikwenda nyumbani, nikafungua akaunti mpya, nikaiita Mpenzi wa Bubu. Chini ya sehemu ya tatu, mara tu ilipopandishwa kwenye chaneli yako, nikaandika: «Siku mama yake mwenyewe anazikwa, huyu alikuwa Goma ananunua diski. Asitufundishe kifo.»

Ni mimi, Asumani. Si mtu wa Bukavu, si yule kijana wa sali nyingine uliyegombana naye. Ni mimi dada yako, nimekaa kitandani kwa mama, viatu bado miguuni.

Nilitaka uumie kidogo. Wallahi nilidhani itakuwa moja kati ya matusi mengi, utaisoma, utaumia, kesho tutakula. Kabla ya magharibi ilikuwa juu ya zote. Watu wakawa wanaikata na kuituma huku na huku. Ukipita sokoni wanakuitia, «Diski! Diski!» Mtoto wa jirani alikuita hivyo mbele yangu nikamzaba kofi, mimi, niliyemfundisha. Mabenchi ya Baba Rehema yakabaki matupu, Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akakuomba upumzike. Ukakodi moto ya watu ukaanza kubeba abiria. Wewe, na macho yale yaliyokwisha kwa skrini, unayekodoa hata kusoma namba ya nyumba! Nilikuona ukipita na kofia ya plastiki imekukaa vibaya, nikarudi ndani.

Ilikuwa mvua, njia ya kushuka Nyamyumba, lori la mchanga. Abiria wako alipona. Walituambia hukuliona lori, na mimi naamini. Safari hii mazishi yalifanywa na sisi sote tupo.

Sasa sikia mambo ya watu. Hujamaliza hata wiki chini, wale wale wakarudi kwenye chaneli yako kulia. «Yoo, disi, maskini kaka yetu.» «Hakuna atakayetafsiri kama yeye.» Wameiangalia upya sehemu ya tatu, na sasa wanasema mwisho wake ndio bora kuliko zote, wanasema Bubu alipoinua mikono walilia. Wanaandika maelezo marefu kwa nini ilikuwa lazima ajitokeze. Waliovunja diski wananunua nyingine. Nimewachukia, halafu nakumbuka mimi ni nani kati yao.

Na Mpenzi wa Bubu wanamtafuta. Wanataka kujua ni nani mbwa yule. Wiki iliyopita mteja mmoja, mama mtu mzima kutoka Nyakiriba, alikuja kuchukua kitenge chake, akanishika mikono yote miwili. «Aliyeandika maneno yale Mungu amulaani, amukaushe mikono.» Nikamjibu, «Amina.» Ilitoka yenyewe, kama mtu anavyoitikia dua. Alipoondoka nilikaa chini sakafuni kati ya vipande vya vitambaa.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Ni Baba Rehema. Alikuja siku ya tatu ya matanga, akaniita pembeni karibu na tangi la maji. Unajua yeye ndiye aliyekuwa akikusaidia na ile chaneli. Aliongea huku anaangalia viatu vyake.

«Zuhura, ile komenti, mi nilitaka kuifuta siku ile ile. Asumani akanikataza.»

«Kwa nini?»

«Akaniambia: hiyo uache, huyo iko na haki yake. Alisema ile safari ya diski hakuiambia mutu mwingine. Ni watu wawili tu walijua, na mumoja ni yeye.»

Nilishika tangi. Baba Rehema akasema nisiogope, hatamwambia mtu, limekwisha, Mungu ni mwingi wa rehema. Akaniuliza kama sasa aifute. Nikaenda kuwapelekea wageni chai.

Ulijua. Miezi ile yote ya «Diski! Diski!» ulijua ni mimi, na ulikuwa unakuja kula kwangu. Sasa ndiyo naielewa ile Jumanne, siku chache kabla ya mvua ile. Ulikuja na kitambaa cha koti la kazi, ukasema baridi ya barabarani inakuingia. Hakukuwa na mteja. Ulikaa kwenye kiti cha wateja muda mrefu, unazungusha kofia yako mikononi, huongei, wewe ambaye hukuwahi kunyamaza maishani mwako. Mwishoni ukasema polepole, wala hukukasirika:

«Mudogo wangu, iko kitu unataka kuniambia?»

Ulinifungulia mlango, kaka. Ulikuwa umeshanisamehe, ulitaka tu nipite. Na mimi nikachukua utepe wa kupimia nikasema, «Hapana. Simama vizuri nikupime mabega.»

Ukasimama vizuri. Nikapima mabega, mgongo, mkono mmoja, mkono wa pili, shingo. Ulikuwa umepungua, nikakuambia umepungua, ukasema ni kazi. Nilikuwa karibu nawe kiasi cha kusikia unavyopumua, na sikusema.

Leo nimebadilisha jina la ile akaunti. Sasa inasomeka Zuhura, dada yake Asumani. Komenti sikuifuta, kwa sababu wewe ulikataza. Barua hii naiweka chini yake, wazi, wote waisome: mama wa Nyakiriba, wapanda moto, wale wa Bujumbura. Najua wengine hawataleta tena nguo zao kwangu, na mlangoni wataniita wanavyotaka. Siogopi hilo. Naogopa kwamba mtu pekee niliyetakiwa kumwambia aliniuliza mwenyewe, uso kwa uso, nikamjibu hapana.

Mungu akupe kauli thabiti, kaka. Ukimwona mama, mwambie wewe mwenyewe ulichelewa kwa sababu gani. Mimi sina mdomo wa kumweleza.

Mdogo wako,
Zuhura