Stika Juu ya Rangi ya Saady

Kibondo, 3 Juni 2024

Mpwa wangu Firdausi,

Salaam nyingi kama maharage ya Kasulu msimu wa mavuno. Mimi mzima kabisa, daktari wa hapa alinipima presha akadhani mashine yake imeharibika, mzee wa miaka hamsini na saba na damu ya kijana. Dada yangu Mwanahawa mguu wake unaendeleaje? Mwambie aukande kwa mawese ya moto, asisikilize watu wa vidonge.

Utajiuliza kwa nini mjomba ana simu na anaandika barua. Simu katika nyumba hii haina siri. Mkaza mwanangu Asia, mke wa Saady, yupo hapa hapa jikoni, na ukuta wenyewe ni wa tofali moja. Ndiyo maana nampa Moses, dereva wa basi, akuletee dukani. Na mwandiko unauona. Nilisoma mpaka darasa la tano, la sita nikamwachia mwalimu maana hakuwa na jipya.

Sasa sikiliza shida yangu. Pijo. Unaijua gari yangu ile 504, mkoa mzima imebaki moja. Mwaka wa mvua kubwa nilivuta nayo lori la sukari kutoka matope ya Mabamba kwa kamba ya mgomba. Asubuhi moja nimekuta chui amelala juu ya boneti anaota joto la injini, nikapiga honi, akashuka taratibu kama abiria aliyefika. Basi gari hiyo, rangi imeanza kubanduka. Rangi ile ya kijani alinipigia Mjerumani mmoja Dar, kwa mkono wake, lakini jua la Kibondo halijali Mjerumani.

Nimesikia wewe siku hizi unafunika gari zima kwa stika mpaka linaonekana jipya. Niambie kama mtaalamu: nipige stika, au nipige rangi upya? Nataka nyeupe ile ya lulu. Na iwe tayari kabla ya Ijumaa tarehe 28. Wazazi wa Asia wameita kikao hapo Kasulu kwa Shekhe Abdulrahmani, wanataka mtoto wao atolewe kwenye ndoa, eti mume hajaonekana miaka sita. Saady huyo huyo ambaye juzi tu amenipigia kutoka Msumbiji, ana malori mawili na la tatu liko njiani! Kanambia, baba, ng'arisha gari, usiende kwa wakwe kama mtu aliyefiwa. Nikiingia na Pijo inawaka, nani atauliza tena?

Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Nurudini

*

Kasulu, 6 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo, ila mguu wa mama umevimba tena. Ameyakubali mawese, lakini kwenye maharage.

Umeniuliza kama fundi, nitakujibu kama fundi. Stika inashika kile kilicho chini yake. Kama chini kuna rangi iliyoshika bati, itakaa miaka. Kama chini kuna rangi iliyolegea, stika itashikilia kitu ambacho chenyewe hakijashikilia, na siku ya kuibandua itaondoka na rangi yote. Kupiga rangi upya ni kusugua kwa msasa mpaka kwenye bati, kuziba kwa puti, kupaka praima ya kushikisha, ndipo rangi. Wiki tatu si chini, na ile ya zamani haibaki hata alama.

Fanya hivi. Chukua selotepu pana, bandika mlangoni, ikandamize kwa ukucha, halafu ivute kwa nguvu mara moja. Fanya hivyo na kwenye kifuniko cha buti. Uniambie imetoka na nini.

Mama anaomba namba ya Saady amsalimie. Anasema shangazi mtu hana namba ya mtoto aliyemfundisha kutembea, aibu.

Mpwa wako,
Firdausi

*

Kibondo, 10 Juni 2024

Mpwa wangu Firdausi,

Namshukuru Mungu barua imefika na maneno yake yameingia. Hapa sote wazima, Asia anakusalimu, ameanika muhogo mpaka juu ya paa.

Namba ya Saady nitakupa. Wenye malori wanabadilisha namba kama mashati, usalama huo.

Nimefanya jaribio lako. Nilimwita na Havyarimana, fundi wa bodi aliyejifunzia Bujumbura, awe shahidi. Mlangoni selotepu ilitoka na kipande cha kijani ukubwa wa kiganja. Havyarimana akagonga kwa kidole akacheka, akasema, "Mzee, chini ya rangi kuna puti, chini ya puti kuna imani." Nikamwambia na uchekwe wewe. Akasema kwa Kirundi chake ntakundi, hakuna namna nyingine, ni kusugua lote mpaka bati.

Kwenye buti sikubandika selotepu. Havyarimana alinyoosha mkono nikamshika. Kifuniko kile hakiguswi na msasa. Usiniulize.

Na yule Mjerumani, haya, hakuwa Mjerumani. Ni Saady aliyeipiga rangi ile, wiki moja kabla hajaondoka. Alikopa kompresa ya watu, akapuliza hapa uani kwenye vumbi, hakuweka hata praima. Wewe fundi ungegundua, bora niseme mwenyewe.

Kwa hiyo nimeamua: stika. Rangi itamfuta, stika itamfunika tu. Hata kama itashika siku moja, siku hiyo ndiyo ninayoitaka. Baada ya Idi naleta gari.

Mjomba wako,
Nurudini, mwenye Pijo

*

Kasulu, 13 Juni 2024

Mjomba, shikamoo, na Idi njema mapema.

Lete. Nimeshaagiza nyeupe ya lulu.

Jumanne Asia alikuja kuwaona wazazi wake akapita dukani kwangu. Hakusema anataka kuolewa tena, wala hakusema hataki. Alisema, "Nikimuuliza baba mkwe, Saady amesema nini, ananiambia malori. Nikimuuliza amesema nini kuhusu mimi, anageuka kutazama gari." Ana miaka ishirini na tisa, mjomba. Shekhe amewaambia wazazi wake kwamba hawezi kuivunja ndoa wakati baba wa mume anasema mwanawe anapiga simu. Kila kitu kimesimama kwenye neno lako.

Nikuulize mara moja tu. Sauti ya Saady uliisikia lini mara ya mwisho?

Firdausi

*

Kasulu, 20 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Umeacha gari mlangoni, ufunguo juu ya tairi, ukarudi na basi la Moses bila kuingia kumsalimu dada yako. Mama ameumia. Na swali langu hukulijibu.

Nimeanza kazi. Milango minne tayari, inang'aa, wapita njia wanasimama. Jana nimefika nyuma. Niliosha kifuniko cha buti, nikakausha, nikaja na stika mkononi. Ndipo nikaona, pale chini ya kitasa, upande wa kulia. Dole gumba. Saady alifunga buti kabla rangi haijakauka na dole lake limebaki, mistari yote, hata lile kovu la kisu cha miwa. Tulikuwa pamoja siku aliyojikata.

Nimeshusha stika. Nimekaa juu ya ndoo mpaka chai ikapoa.

Sasa nimeelewa kwa nini hutaki msasa. Lakini mtu mwenye mwana anayepiga simu juzi na jana, mjomba, halindi dole gumba hivi.

Niambie ukweli, kisha niambie nifunike au nisifunike. Sitabandika chochote mpaka Moses alete jibu.

Firdausi

*

Kibondo, 23 Juni 2024

Firdausi mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mama yako hajambo?

Hii barua nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na malori, nikaichana. Ya pili pia.

Ilikuwa mwaka 2019, mwezi wa Machi. Saady alikuwa na miezi saba huko Msumbiji, kwenye machimbo ya mawe ya vito. Simu ikalia, namba ya nje. Nikaipokea pale mlango wa jikoni. Sauti ya mwanamume simjui, Kiswahili cha kule kusini, anapiga kelele kwa sababu ya upepo. Akasema, "Wewe ni baba yake Saady wa Kigoma? Mzee, shimo limefukia watu saba, mwanao..."

Nikakata.

Sikungoja. Nilikata kama mtu anayeondoa mkono kwenye moto. Nikageuka, Asia amesimama, ametoka kusonga, mikono yote ina unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Akaniuliza, "Ni yeye?" Uso wake ulivyokuwa, Firdausi! Nikasema, "Ni yeye. Anakusalimu."

Akacheka. Akapiga makofi, unga ukaruka wote. Hilo ndilo neno lote. Yule mtu alipiga tena mara mbili, nikazima simu. Nilipoiwasha siku ya tatu hakupiga tena. Nikaifuta ile namba, Asia asije akaiona akapiga.

Nilidhani nitasema kesho. Kesho yake Asia akauliza amesema nini kingine, nikasema amenunua baiskeli. Nawe unanijua, mimi baiskeli mdomoni mwangu haikai wiki moja bila kuwa lori. Watu mtaani wakaanza kuuliza, nami nikawapa. Kila nilipowapa nilimwona yuko hai, anapanda lori, anafuta jasho. Miaka mitano nimemlea hivyo.

Hatukumsomea dua, mwanangu. Hakuna aliyekaa matanga. Mkewe hajakaa eda. Anampikia mtu wa mdomoni mwangu.

Sasa Ijumaa shekhe ataniapisha. Nikiapa kwamba anapiga, nimemuua Asia. Nikisema hajapiga, nimemuua Saady, mimi baba yake, mbele za watu. Kula sili. Nikilala nasikia ule upepo wa simu.

Nakuomba kwa maziwa ya mama yako. Funika. Funika lote, na dole lile lifunike, nipite siku hiyo moja, baadaye nitatafuta namna. Nimekosa namna, Firdausi. Mimi ninayewapa watu wote namna.

Nurudini

*

Kasulu, 25 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma peke yangu. Mama hajui. Asia hajui. Mimi sitawaambia, hilo ni lako.

Sitafunika. Nikifunika mimi, mkono wangu nao umesema anakusalimu.

Milango nayo nimeibandua ile nyeupe. Nilitumia hewa ya moto, nikavuta polepole kama naondoa bendeji kwa mtoto, lakini imetoka na rangi, kama nilivyokuambia. Imebaki puti na bati. Boneti bado ya kijani, na buti sijaligusa ila kwa kitambaa. Gari limekuwa baya, mjomba. Limekuwa kama lilivyo.

Njoo ulichukue Ijumaa asubuhi. Uingie ndani kwanza, mama amekuwekea uji.

Firdausi

*

Kibondo, 1 Julai 2024

Mwanangu Firdausi,

Nimefika salama. Mshukuru mama yako kwa uji, na kwamba hakuniuliza kitu, alinishika tu bega.

Milango nitakuja uipige rangi, kijani yoyote, hata isipofanana. Buti liache.

Siku ya kikao ulikuwa nje na wanawake wenzako, hukusikia vizuri, basi nikuandikie. Nilipofika na gari lile watu walicheka, kijana mmoja akasema malori ya Msumbiji yamefika. Nikaingia. Shekhe akaniuliza mwanao anapiga? Nikasema hapigi, hajapiga tangu 2019. Nikaeleza simu ile, na unga. Baba yake Asia alisimama akatoka nje. Shekhe akashusha kichwa, akasema tumsomee kwanza, mengine baadaye. Tukamsomea.

Asia amebaki Kasulu kwa wazazi wake kukaa eda. Hajanitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Alipita karibu na gari wakati naondoka, akanisogelea dirishani, akaniuliza jambo moja tu. "Baba, yule mtu alilitaja jina la shimo? Ni wapi amelala?"

Firdausi, nilikuwa na majina kumi mdomoni. Mazuri yote. Kilima chenye miti, mto chini yake, watu wema wanaofagia kaburi. Yalikuja yenyewe kama yanavyokuja siku zote, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya unga.

Nikayameza. Nikamwambia sijui, mwanangu. Nilikata simu.

Mjomba wako,
Nurudini