Uzi Nilioutoa kwenye Glasi

Nengo, Rubavu
16 Novemba 2025

Mpendwa shemeji Aloys,

Salamu nyingi kutoka ziwani kwetu. Hamjambo huko Mwanza? Mkeo Gatesi anaendeleaje na mguu wake, na watoto je? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama Xavérine ni mzima, ila masikio yamekuwa mazito, ingawa yeye anadai ni sisi tunaonong'ona.

Asubuhi hizi Kivu imetulia hata sioni maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mitumbwi ikirudi na vile visamaki vya sambaza, nausikia wimbo wa wavuvi kabla sijawaona, najisahau dirishani hadi chai inapoa. Bado naitafuta sauti yako humo.

Wiki iliyopita nilifundisha polima. Nilimimina kimiminika kimoja juu ya kingine, taratibu, visichanganyike. Pale vilipokutana pakatanda utando mwembamba. Nikaushika kwa kibano, nikavuta. Ukatoka uzi wa nailoni, mweupe, usioisha. Shemeji, nimefundisha miaka kumi na moja na bado mwili ulinisisimka! Molekuli ndogo ndogo, kila moja na mikono yake miwili, zinashikana huku na huku, maelfu kwa maelfu, hadi zinakuwa uzi wa kubeba samaki. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali, naona nyavu zote za ziwa zikitoka kwenye ile glasi.

Ndipo mwanafunzi wangu Uwimpuhwe akauliza, "Mwalimu, ile mikono, iko kitu inaweza kuiachanisha?" Nikajibu, bila kufikiri, kwamba asidi huiachanisha, hata ile ya betri. Nikasikia nilichosema, nikakaa chini.

Mwaka jana ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, wavu uliwekwa chumbani kwetu. Betri ya taa za mtumbwi niliiweka mimi juu yake, miezi miwili, kwa kuogopa kuchafua sakafu. Niliona unyevunyevu, nikapangusa, basi. Ziwa lilipofunguliwa wavu ukapasuka siku ya kwanza, na kaka yako Habineza akasema ni kisu chako, kwa kuwa mlikuwa mmegombana na wewe ndiye uliyekuwa ukiushona. Uliapa, hakuna aliyekusikiliza. Hata mimi, mke wake, sikukutetea.

Juzi nilikitafuta kipande kilichobaki. Palipokaa betri panakatika kwa vidole. Kwingine hata watu wawili wakivuta hakuachii. Aloys, aliyeharibu wavu ni mimi. Nimelia sana, na nakuomba unisamehe.

Nilimwonyesha Habineza. Alikinyofoa kile kipande hadi kikaisha, kisha akasema, "Bon. Mi nilimufukuza ndugu yangu juu ya betri." Tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Jana asubuhi alishuka ufukweni, akawaambia wavuvi wote waliomsikia akikutukana kwamba alikosea. Simu anaiogopa. Nafasi yako mtumbwini hajampa mtu, mwaka mzima wanavuta nyavu mtu mmoja pungufu.

Mama anawasalimu, na Ingabire mdogo wa jirani bado anauliza lini Shyaka wenu atakuja kucheza. Mungu awafunike, awape usingizi mwema na safari nyepesi, kama mtaamua kusafiri.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukuonea haya,
Uwamahoro

Aloys, ni mi mwenyewe naandika hapa chini. Mukubwa yako alikosa. Rudi.
Habineza