Fundi, Kengele Ilikuwa Mimi

Fundi Nzioka,

Usicheke mwandiko. Wewe mwenyewe ulisema herufi zangu zimeinama kama nguzo zilizoliwa na mchwa. Niliacha shule darasa la sita, unajua, lakini waya naujua, na leo nakuandikia kwa ile kalamu yako nyekundu ya kuandikia namba za nguzo. Mama Mwende alinipa siku ya kugawa vitu vyako. Wengine walipata koti, viatu, redio. Mimi nikapata kalamu, koleo na mkanda wa kupandia nguzo. Mkanda bado unanizidi. Ulikuwa na tumbo, mzee, tusidanganyane hata kama umekufa.

Nimeanza na mzaha kwa sababu nikianza na lenyewe nitaweka kalamu chini.

Kwanza habari. Mvua ilinyesha siku tatu ikatuaga. Binti yenu Mwende anaimba kwenye kwaya, anakuimbia wewe ingawa anasema anamwimbia Bwana. Mzee Kitheka bado anawasha pampu pale mtoni na bado anaitukana kwanza ndiyo iwake. Opareta wa posta ameambiwa ule ubao wake wa kuchomeka nyaya utaondolewa, italetwa mashine ya kuunganisha simu bila mkono wa mtu. Amenuna. Anauliza, hiyo mashine itajuaje kwamba mwalimu mkuu akiitisha namba ya ofisi anataka namba ya yule mama wa hoteli? Nilicheka mpaka akanifukuza.

Sasa kengele yako.

Wiki iliyopita alikuja injinia kutoka Nairobi, Injinia Ndinda, mwanamke kijana, wa kwetu kabisa, mzaliwa wa Nunguni. Anazunguka kuangalia kama laini zetu ziko tayari kwa hayo mambo mapya. Nilijitambulisha: msaidizi mkuu wa marehemu Fundi Nzioka. Na si uongo, kama nilikuwa peke yangu mkuu angekuwa nani? Nikamweleza kwa maneno yako yote, kifua mbele. Kwamba tangi la maji la hapa Tulia liko kilimani na pampu iko mtoni, na katikati ni mpando wa kumaliza pumzi. Kwamba zamani Mzee Kitheka aliwasha pampu kwa kubahatisha tu, leo maji yanamwagika, kesho hakuna tone. Kwamba wewe ulichukua waya wa simu uliokuwa umeachwa, ukaweka betri, na boya ndani ya tangi. Maji yakishuka boya linashuka, linakutanisha nyaya mbili, na kengele inalia kule kwenye nyumba ya pampu. Hakuna anayepiga, hakuna anayeongea. Tangi linaipigia pampu simu.

Alisimama akaniangalia kama nimemtolea ng'ombe mfukoni. Akasema huko mbele tunakokwenda, mita na matangi na hata friji za dawa zitakuwa zikipashana habari zenyewe, kwa waya na hata bila waya, na wakubwa wake wanaamini huku kwetu haiwezekani. "Kumbe Tulia mmeshaanza," akasema, akafungua daftari.

Nami, unanijua: "Sisi tulianza zamani, madam."

Fundi, kengele ile ilikuwa haijalia yenyewe tangu wiki tuliyokuzika.

Ni hivi. Wezi walipokuwa wakikata waya wa shaba kwenda kutengenezea bangili, hukuita polisi. Ulitundika mizinga ya nyuki kwenye nguzo, ile ya magogo. Watu wakasema jua limekupiga, lakini hakuna aliyegusa waya tena. "Hawa askari wangu hawalali na hawali rushwa," ulisema. Ila ulijua kiangazi kikiingia nyuki hufuata maji, na wangeingia kwenye lile sanduku la boya juu ya tangi. Ndiyo maana ukaniachia kazi moja ya kila Jumamosi: washa moshi, fungua sanduku, futa nta, funga.

Ulipolala na ugonjwa ukawa huwezi kupanda, uliniuliza kila Jumamosi jioni, "Mutua, umefungua sanduku?" Nikajibu, "Nimefungua, Fundi, ni safi kama sahani ya mchungaji." Ukacheka, na kucheka kulikuwa kunakuuma mbavu.

Sikuwa nimefungua. Nilikuwa nafika nusu ya kilima, nawasikia wakivuma, nakaa kwenye jiwe, narudi. Mimi huyu ninayepanda nguzo bila mkanda kuonyesha wasichana wa sokoni, naogopa nyuki. Nikiwa mdogo waliniuma macho yakafunga siku mbili, mama akinilisha kama kifaranga. Sikuwahi kukwambia. Ningekwambiaje, na wewe ulivyokuwa ukitembea nao masharubuni?

Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni wakiwa bado wamejaa kwako, mabomba yalikauka. Kengele kimya. Wanawake wakabeba madumu wakarudi kuchimba mchanga wa mto kama zamani. Nikasikia mmoja akisema, "Nzioka ameenda na kengele yake." Mama Mwende alikuwa amesimama na sufuria ya mahindi ya muthokoi bila maji ya kuupika. 

Nilipanda kilima mbio. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kwenye sanduku kama watu wa siku ya soko, na fimbo ya boya imeganda kwa nta huko juu, ikisema tangi limejaa. Sikuthubutu. Nikashika zile nyaya mbili pale kwenye nguzo, nje ya sanduku, nikazikutanisha kwa mkono. Kitambo kidogo pampu ikanguruma. Halafu vigelegele.

Nilishuka nikiwa nimeamua kusema. Haki ya Mungu. Lakini Mama Mwende alinishika mkono akaniambia, "Umesikia? Mzee wako ameita."

Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kabla ya uji nimekuwa napanda, nagonga tangi kwa jiwe ulivyonifundisha, nasikiliza sauti inabadilikia wapi, na maji yakiwa chini nakutanisha nyaya. Na kila kengele inapolia, Mama Mwende, jikoni kwake pale karibu na pampu, anaitikia kama ulivyokuwa unaitikia wewe: "Nimesikia." Unakumbuka nilivyokuwa nikikucheka? Fundi mzima anajibu boya! Ukaniambia, "Limenipigia, nisiitike?"

Sasa Injinia akaandika kwenye daftari lake kwamba kengele ya Tulia imefanya kazi miezi hii yote bila mtu. Akasema ripoti hiyo itasaidia watu wa Nuu wawekewe kama hii, na kwa kuwa haihitaji mtu, fundi mmoja wa laini atatosha kutoka hapa mpaka Nuu. Kesho yake angepanda na kamera.

 Alipotaja Nuu nilikumbuka ile siku tuliyokwenda kufunga waya kule, mama mmoja wa pale akatuletea kikombe kimoja cha maji, akaomba radhi kwa rangi ya yale maji. Ulikunywa nusu, ukanipa nusu, ukamshukuru kama ametupa soda. Tuliondoka, lori likafika Mwingi. Halafu ukasema, "Pale ndipo kengele inatakiwa." Nami nikajiuliza: kule Nuu nyuki wakiingia kwenye sanduku, ni mjinga gani atapanda kila asubuhi kukutanisha nyaya? Watangoja kengele. Kengele itakaa kimya, na wao watafikiri kimya ni maji.

Asubuhi ya kamera Mama Mwende naye alikuja. Alivaa lile gauni la harusi ya binti wa mchungaji, akapanda kilima chote na fimbo, apigwe picha karibu na kazi yako. Niligonga tangi. Maji yalikuwa chini. Injinia akasema, "Haya, tungoje ilie." Wote wawili wakaangalia sanduku, kwa mbali, na mimi nimesimama nyuma yao kwenye nguzo, mkono wangu tayari uko kwenye waya. Kidole kimoja tu, Fundi. Ingelia, picha ingepigwa, ningekuwa gazetini.

Nikaachia waya. Nikasema, "Madam, usiandike. Ni mimi."

Nilieleza yote, vibaya, nikirukaruka kama redio mbovu. Mama Mwende akakaa kwenye jiwe. Akauliza, "Kwa hiyo asubuhi zote hizo nilikuwa nakuitikia wewe?"

"Ndiyo, Mama."

Akajifunga leso vizuri akashuka. Fimbo yake aliiacha pale. 

Injinia hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza sanduku lilikaa bila kufunguliwa tangu lini. Nikamwambia. Akauliza mashine yenyewe ina kasoro gani. Nikasema haina, kasoro ni mimi. "Hiyo nayo naandika," akasema. Alikata ule mstari wa "bila mtu", akaandika muda mrefu chini yake. Nilimuuliza kama Nuu watapata. Akasema hajui. Akasema wakubwa wake wanapenda habari fupi, na hii sasa imekuwa ndefu.

Basi nikawasha kinyesi kikavu cha ng'ombe, nikajifunika shati la mikono mirefu, nikafungua sanduku. Injinia alishuka kilima viatu mkononi, ungemwona! Mimi sikukimbia. Nilihesabu miiba kumi na nne halafu nikaacha kuhesabu. Nililia, na sikulia kwa sababu ya nyuki. Nta ilikuwa nene kama mkate. Chini yake kazi yako ilikuwa nzima kabisa, hata kutu haikuwa nayo. Boya likashuka lenyewe mara moja, kengele ikalia, Mzee Kitheka akajaza tangi. Lakini hiyo sikuihesabu, kwa maana nilikuwa pale, mkono wangu ndani.

Masega mazuri niliyaweka kwenye bakuli la mama nikayapeleka kwa Mama Mwende pamoja na fimbo yake. Alipokea. Hakunikaribisha ndani. Bakuli bado liko kwake, na mama ananiuliza kila siku litarudi lini. Wewe unajua bakuli halirudi tupu, kwa hiyo ama amekasirika bado, ama anafikiria ataweka nini. Mimi sijui. Naogopa kuuliza.

Leo asubuhi sikupanda kilima. Nilikaa kwenye nyumba ya pampu na Mzee Kitheka, uso wangu umevimba upande mmoja, ananiita papai. Tukangoja. Chai ikapoa. Halafu kengele ikalia.

Mzee Kitheka akaniangalia. "Wewe uko hapa. Juu yuko nani?"

"Hakuna mtu."

Nikatega sikio upande wa jikoni kwa Mama Mwende. Nilisikia mwiko ukisimama kwenye sufuria. Sauti yake sikuisikia. Kengele ikaendelea kulia, na mtu hawezi kuiacha hivyo hivyo, kwa hiyo nikaitikia mimi, kwa sauti, mbele ya Mzee Kitheka, acha acheke: "Nimesikia, Fundi."

Hakucheka. Alikwenda kuitukana pampu.

Pumzika, mzee wangu wa nguzo. Mizinga sitaitoa, na sanduku nitalifungua, uso uvimbe usivimbe. Na Nuu wakipata kengele, nitakwenda kwa miguu yangu kumwonyesha mtu wa kule moshi unawashwaje, nikae naye mpaka aache kuogopa.

Kesho ni Jumamosi. Jioni niulize.

Wako,
Mutua