Bahasha ya Arobaini na Saba

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta u mzima, na kwamba mgongo umekuacha upumue tangu umalize kupasua kuni. Mimi mwili haujambo. Jemu uliyotuma ilifika salama. Nimeila na uji kila asubuhi, na kila asubuhi nimejiambia leo lazima nimwandikie Mama. Wiki tatu zimepita hivyo hivyo.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka mikunjo imelegea. Unasema siku ya kahawa ya kwaya ulisimama ukawaeleza wote jinsi binti yako alivyomshughulikia Irja hospitalini kama mtu wa nyumbani, na Irja mwenyewe akapiga makofi pale kwenye kiti chake. Unauliza pia kwa nini sijaja tangu Pasaka, na kama kuna mwanamume ninayekuficha. Hakuna mwanamume, Mama. Ingekuwa ni hilo ningekuandikia mapema.

Utafiti wetu wa nyonga umefika mwisho. Miaka minne, wagonjwa mia moja na ishirini, nusu wamepasuliwa kwa njia ya nyuma tuliyoizoea na nusu kwa njia mpya ya mbele. Profesa Hannula, yule unayemwita mama wa viatu vya njano, alileta keki, akasema mbele ya idara nzima kwamba bila Outi bahasha zile zingekuwa vurugu tupu. Watu wakanipigia makofi. Nilishika kisahani changu mpaka kahawa ikaisha, kisha nikasema nina simu ya kupiga.

Nikueleze hizo bahasha, maana ndizo habari yenyewe. Mgonjwa akishatia sahihi, mimi huchukua bahasha inayofuata sandukuni, kwa mpangilio wa namba, nikaifungua mbele yake, na karatasi ya ndani ndiyo inayosema atapasuliwa vipi. Daktari hachagui, mgonjwa hachagui, na mimi ndiyo kabisa sina ruhusa. Kwenye kijitabu cha wagonjwa tunachokiweka ukumbini imeandikwa: "Hakuna anayejua bado njia ipi ni bora, ndiyo maana tunaiachia kura." Sentensi hiyo niliiandika mimi. Profesa aliipenda kwa kuwa ni fupi.

Irja alikuja Februari ya mwaka jana, na mfuko wa mikate ya iliki aliyooka mwenyewe. Nilipoanza kumsomea fomu alinikatiza. Alisema mimi ni kale katoto ka rafiki yake Kerttu alikokafuta makamasi kila kalipoanguka kwenye barafu, basi nisimzungushe na makaratasi. "Nipe hiyo mpya bwana," akasema. "Nasikia watu wanatembea siku ya pili. Mimi mwakani nina mbio za kuteleza kwenye theluji, muda wa kuzeeka sina." Nikamweleza habari ya kura. Akasema haya, kura ni sawa, ila nikiwa njiani niiombee kidogo. Tukacheka, akatia sahihi, nami nikaenda chumba cha pili kuchukua bahasha.

Mchana wa siku hiyo alikuja mgonjwa mwingine, Veikko Sorsa, fundi wa mapaa aliyestaafu. Yeye alipasuliwa kwa njia ya nyuma, na leo anaendesha baiskeli. Ameshaniletea samaki wa kukausha kwa moshi mara mbili, wamefungwa kwenye gazeti, na kila akija huniambia, "Binti, mkono wako una bahati." Samaki wake huwagawia wenzangu. Mimi sijawaonja.

Irja yamempata unayoyajua. Neva ya paja iliumia, paja likakosa nguvu, na mbao zake za kutelezea kwenye theluji zinaning'inia ghalani. Profesa alimweleza kwamba ni hatari inayojulikana katika njia ya mbele, na kwamba haikuwa kosa la mtu.

Mama, bahasha iliyofuata siku ile ilikuwa ya arobaini na saba. Niliiweka juu ya ule ubao wa taa wa zamani wa kutazamia picha za eksirei, na maandishi yakaonekana: nyuma. Nikaweka ya arobaini na nane: mbele. Nikarudi na hiyo ya arobaini na nane, nikaifungua mbele ya Irja, akanikumbatia. Ya arobaini na saba nilimpa Veikko, na kwenye orodha nikaandika kwamba Veikko ndiye aliyetangulia. Hakuna aliyeuliza.

Najua utasema nilimtakia mema. Nami nilijiambia hivyo mwaka mzima. Lakini mema hayo yalikuwa ya Irja peke yake. Mgonjwa wa mchana nilimwachia kile nilichodhani ni kibovu, kabla hata sijamwona uso. Naona aibu, Mama, hata ya kuvaa koti langu la kazi. Ndiyo sababu sijaja tangu Pasaka. Ningewezaje kukaa mezani kwako Irja anipitishie sukari?

Jumanne nilimwambia Profesa. Hakupaza sauti. Aliuliza kama ni hizo mbili tu, nikasema ni hizo mbili tu. Akavua miwani, akauliza sasa atajuaje. Matokeo ya utafiti yamezuiwa, na bahasha zote mia moja na ishirini zinachunguzwa upya. Mimi nimetolewa, na sijui kama nitabaki hospitalini. Jumatatu hospitali itawaandikia Irja na Veikko. Niliomba nimwone Irja kabla barua haijafika. Profesa akasema niende, ila nisiende kujitetea.

Nitafika Jumamosi kwa basi la saa nne asubuhi. Usioke kitu, wala usinipokee kituoni. Nitapitia kwa Irja kwanza. Tafadhali usimwambie lolote, na kwenye kwaya usinitaje tena.

Msalimie dada Tuija na watoto, na umkune paka shingoni kwa niaba yangu. Kwa Irja salamu usipeleke. Uliniandikia kwamba kila goti linapomlegea husema kura ni kura, yeye hana wa kumlaumu. Nakuja kumwambia kwamba yupo.

Mwanao,
Outi